Biskuti za wanyama: mtoto asionje donge bichi

Wazazi wengi nchini Uingereza na Marekani, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi huko, huwashirikisha watoto wao katika kuoka biskuti zenye maumbo ya twiga, tembo na simba. Hata hivyo, wataalamu wa afya wanatahadharisha kwamba donge la biskuti lisionjwe kabla ya kuokwa.

Wengi hudhani kuwa hatari imo katika yai bichi pekee. Lakini unga wa ngano nao ni chakula kibichi. Ngano huweza kuchafuliwa na kinyesi cha wanyama ingali shambani, na kuisaga hakuui bakteria. Mwaka 2016, kwa mujibu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, watu 63 katika majimbo 24 waliugua kutokana na bakteria wa E. coli waliokuwemo katika unga. Miongoni mwao walikuwemo watoto waliopewa donge bichi mkahawani ili walichezee.

Bakteria hao huuawa na joto la tanuri. Kwa hiyo mtoto anaweza kukata maumbo, mradi asitie vidole kinywani na anawe mikono kwa sabuni amalizapo. Donge likikaa katika jokofu nusu saa, siagi huganda, na shingo ya twiga haipotezi umbo lake. Kisha biskuti huokwa kwa nyuzi joto 180, dakika 10 hadi 12.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga.