Je, Kila Katuni ni ya Watoto?

Baada ya swala ya Isha, vijana wetu wa Magamba walibishana juu ya "Bilal", filamu ya katuni iliyotengenezwa Dubai mwaka 2015. Mmoja alishikilia kuwa kilichochorwa ni cha watoto. Mwenzake akapinga: Akili wa Ubongo, binti wa miaka minne, amechorwa na kichwa kikubwa na macho makubwa kwa sababu ni mtoto anayezungumza na watoto, Bilal (r.a.) amepewa kifua kipana cha mpiganaji, kwani kisa chake ni utumwa, mateso na vita. Nami, kwa haya, nikamuunga mkono huyu wa pili. Juma lililotangulia nilimwachia mwanangu wa miaka mitano filamu hiyo, nikaenda kikaoni. Usiku aliniamsha akiuliza, "Baba, walimfungua?"