Mninga uachie mlango

Nyumba mpya za Dar es Salaam, kule Bunju, Mbweni na Toangoma, nyingi zinamaliziwa kwa vigae, na kwa bei peke yake si rahisi kumbishia mtu aliyenunua vigae vilivyochomwa hapo Mkuranga. Hata hivyo wateja wa sakafu ya mbao wapo, hasa kwa vyumba vya kulala na ngazi. Wakifika kununua mbao Keko au Buguruni, neno la kwanza kinywani ni mninga.

Mninga una sifa zake. Ukikauka hausinyai sana, haumsumbui fundi kwenye randa, na kiini chake mchwa hawakiwezi kirahisi. Ndiyo maana umeshika soko la milango na vitanda. Sakafu ni kazi nyingine: inakanyagwa, inaburuzwa viti, inapigwa na visigino. Hapo mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, unauzidi mninga kwa ugumu na uzito. Mpangapanga wa misitu ya kusini ni mgumu pia. Ulaya wameutandika sakafuni miaka mingi, sisi tunaupita sokoni bila kuuliza.

Halafu kuna mtiki. Huu ni mgeni, asili yake Asia, lakini unapandwa Longuza wilayani Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Si mgumu kama mkongo, ila umetulia, una mafuta yake ya asili, na kwa kuwa ni wa kupandwa karatasi zake za vibali hazisumbui. Kagua tu ile sehemu nyeupe ya pembeni: mti uliovunwa mchanga huwa nayo nyingi, na wadudu huanzia hapo.

Karatasi si jambo dogo. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya Rufiji, Kilwa na Liwale yalipata njia ya haraka ya kuingia mjini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa serikali ilikuwa ikipoteza hadi asilimia 96 ya mrabaha wa mbao za kusini. Baada ya mkutano wa Novemba 2022 wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, biashara ya kimataifa ya mninga na mkongo wa Afrika imewekewa vibali. Anayejenga Chamazi hilo halimgusi moja kwa moja, lakini risiti, kibali cha kusafirishia na alama ya nyundo ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, ni haki yake kuviulizia. Muuzaji anayekasirika akiulizwa ameshajibu.

Ujanja wa sokoni unajulikana: mbao ya bei nafuu inapakwa rangi nyekundu na kubatizwa mninga. Mwombe fundi apitishe randa mara moja tu, uone rangi ya ndani, kisha pima uzito kwa mkono.

Lakini kinachoharibu sakafu nyingi ni maji, aina ya mti haina lawama kubwa. Mbao iliyoshuka kwenye lori wiki iliyopita bado ina unyevu. Ikipigwa misumari leo, kiyoyozi kitaikausha chumbani na mianya itafunguka kati ya ubao na ubao. Zege bichi nalo hupandisha unyevu kutoka chini, masika yakija mbao zinavimba na kuinuka katikati. Tafuta iliyokaushwa kwenye tanuri, au ipangwe kwa vijiti katikati, kivulini, miezi kadhaa. Kisha ikae ndani ya chumba chenyewe kabla ya kutandikwa. Chini iwekwe nailoni nzito, na ukutani ibaki nafasi ya kidole itakayofichwa na ubao wa pembeni.

Mafundi wanaojali huchagua mbao nyembamba, inchi tatu au nne, kwa sababu ubao wa inchi sita hupinda kwa urahisi zaidi. Mteja hupenda ule mpana. Ubishi huo huishia kwa mwenye pesa, na baada ya masika mawili fundi huitwa tena kuja kuranda.