Nani yu zamu mtoto anapokuwa nje ya darasa?

Kila mara mtoto anapoumia shuleni, hakosekani mtu wa kusema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo husemwa kwa upole, aghalabu kwa nia njema ya kuwaliwaza wazazi, lakini ikishatamkwa mjadala huwa umefungwa. Hakuna aulizaye tena kwa nini lango lilikuwa wazi, kwa nini watoto mia kadhaa waliachiliwa kwa wakati mmoja, wala mwalimu wa zamu alikuwa wapi.

Kazi yangu ni isimu, nami huona haja ya kulipima neno kabla ya kulikubali liamue jambo. Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni muda uliowekwa, hasa ule ukomo wa uhai ambao binadamu hawezi kuusogeza mbele wala kuurudisha nyuma. Kwa maana hiyo ya awali, methali yetu inahusu mauti, na wala haina makosa. Baadaye neno likapanuka maana: gari likipinduka ni ajali, mtoto akianguka kutoka ngazini ni ajali. Maana ilipopanuka, methali nayo ikapanuka pamoja nayo bila mtu kuihoji. Siku iliyokadiriwa haina kinga, nakubali. Ngazi nyembamba ina kinga, lango lisilo na mtu lina kinga, na uwanja usio na mwangalizi una kinga. Kinga hiyo ni mtu mzima aliyesimama pale.

Sisi wa nyanda hizi za magharibi hatuhitaji kukumbushwa kwa mbali. Tarehe 3 Februari 2020, mnamo saa kumi na moja jioni, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani kwenda nyumbani. Msongamano ulitokea kwenye ngazi za jengo la ghorofa, na watoto 14 wakapoteza maisha. Hapakuwa na moto, wala jengo halikuporomoka kama lilivyoporomoka lile la Precious Talent, kule Dagoretti, Nairobi, mnamo Septemba 2019, ambapo watoto 8 walifariki. Kakamega palikuwa na watoto, ngazi na haraka ya kwenda nyumbani, mambo matatu ambayo kila shule yenye ghorofa huwa nayo kila siku ya masomo.

Msomaji asidhani kwamba hilo ni balaa la nchi maskini pekee. Mnamo tarehe 16 Juni 1883, katika mji wa Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa kwenye ukumbi wa Victoria Hall. Baada ya maonyesho ilitangazwa kwamba kuna zawadi, na watoto waliokuwa orofani wakateremka mbio. Mlango wa chini ulikuwa umefungwa kwa komeo ukaachwa upenyo wa kumpitisha mtoto mmoja mmoja tu. Waliotangulia walikwama, waliofuata hawakujua, na hakukuwa na watu wazima wa kutosha kuwazuia wale wa juu. Kutokana na msiba huo Waingereza walitunga sheria kuhusu milango ya kumbi za watu wengi, na ndiyo asili ya ule mlango unaofunguka kwa nje mtu anapousukuma. Waliwazika watoto wao, kisha wakauliza mlango ulifungwaje.

Sisi nasi hatukukosa maandishi. Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni, uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008, unaagiza kwamba milango ya madarasa ifunguke kwa nje na isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ipo, na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 ipo. Hata hivyo, mwongozo hauwezi kusimama kwenye ngazi saa tisa na nusu alasiri. Anayeweza kusimama hapo ni mtu.

Kwa miaka kadhaa nimezizuru shule za msingi za mji huu wa Eldoret na viunga vyake, nikiwatazama wanafunzi wetu wa chuo kikuu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Nimejifunza kwamba siku ya shule ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye ratiba: Hisabati, Kiswahili, Sayansi. Sehemu hiyo ina mwenyewe. Kila kipindi kina jina la mwalimu pembeni. Sehemu ya pili haina jina la mtu: ni asubuhi kabla ya gwaride, mapumziko, chamcha, safari ya msalani, ule muda mfupi kipindi kimoja kinapokwisha na mwalimu wa kingine hajafika, na alasiri baada ya kengele ya mwisho. Watoto huumia zaidi, hupotea zaidi na huonewa zaidi katika sehemu hii ya pili.

Chukua asubuhi. Kwa mujibu wa kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015, masomo katika shule za kutwa huanza saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyinginezo hadi saa kumi na moja kasorobo. Lakini mzazi wa Langas au Huruma anayewahi kibarua humwacha mtoto langoni mapema kuliko hapo. Mtoto yumo ndani ya ua wa shule, mzazi amekwenda zake akiamini kwamba amemkabidhi, ilhali mwalimu hajafika wa kukabidhiwa. Katika muda huo mtoto hana mlezi hata mmoja, ingawa kila upande unadhani yuko mikononi mwa mwenzake.

Chukua na jioni. Barabara kuu ya Uganda hupita katikati ya mji wetu, na malori yaendayo Malaba hayasubiri kengele ya shule. Bodaboda nazo hujipanga malangoni. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilishuhudia madarasa yote yakiachiliwa kwa pamoja wingu la mvua lilipotanda. Anayeijua mvua ya alasiri ya Uasin Gishu, pamoja na mawe yake ya barafu, ataelewa mbio zilizofuata. Bawabu alikuwa mmoja, na mwalimu wa zamu alikuwa ofisini akijaza kitabu cha zamu. Alikuwa akiandika kwamba siku imepita salama kabla haijapita.

Hapa naomba ruhusa nirudi kwenye taaluma yangu, kwa sababu maneno yetu wenyewe yanatufunza. Zamu, katika Kiswahili cha tangu hapo, ni nafasi ya mtu kufanya kazi baada ya mwenzake, lakini pia ni ulinzi: kungoja zamu ni kukesha mlangoni. Kusimamia kunatokana na kusimama. Kiambishi cha kutendea kinatuambia kwamba mtu amesimama kwa ajili ya jambo fulani. Wafugaji nao wana neno kuchunga, ambalo katika Kiswahili ni kuwaangalia mifugo malishoni, na pia ni kuchekecha unga ili taka zionekane. Maneno yote matatu yanadai macho na miguu. Hakuna hata moja linaloweza kutimizwa na mtu aliyeketi katika chumba cha walimu, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya baridi.

Hapana shaka wapo walimu ambao kufikia hapa wamekwisha kunikasirikia, nao wana haki. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi milioni 7.2, bila walimu kuongezeka kwa kiwango hicho. Tangu Januari 2023, shule za msingi zimekuwa pia makao ya wanafunzi wa sekondari msingi. Katika ua mmoja mna mtoto wa chekechea wa miaka minne na kijana wa miaka kumi na minne anayekaribia kimo cha mwalimu wake. Mwalimu mmoja wa zamu hawezi kuwaangalia wote, na kumlaumu peke yake ni kumwonea. Ndiyo maana nasema kosa ni la mpango kabla ya kuwa la mtu. Shule inayomweka mtu mmoja kuwachunga watoto mia nane haijaweka ulinzi. Imetafuta wa kulaumiwa.

Wala viranja si jawabu. Kiranja ni mtoto. Anaweza kumwita mwalimu, hawezi kuwa mwalimu. Na fimbo si jawabu vilevile. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na kifungu cha 36 cha sheria ya 2013 kikatilia mkazo marufuku hayo. Mtoto anayeogopa kuchapwa hajifunzi kutokimbia ngazini. Hujifunza kukimbia mahali asipoonekana.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa, nalo ni lugha. Mtoto wa chekechea wa Munyaka au Kapsoya huja shuleni na Kikalenjin, Kikuyu, Kiluhya, Kiturkana au Kiswahili cha mtaani. Sera yetu, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imependekeza mtoto afunzwe katika madarasa ya kwanza kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, na mjini lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini maonyo uwanjani hutolewa kwa Kiingereza, na mabango ya hatari huandikwa kwa Kiingereza. Onyo lisiloeleweka ni kelele tu. Baya zaidi ni zile shule ambazo mtoto huadhibiwa kwa kutumia lugha ya nyumbani. Mtoto huyo akishikwa vibaya na mkubwa wake msalani, au mtu mgeni akimwita ng'ambo ya ua, atalisemaje jambo hilo kwa lugha asiyoimudu, mbele ya mtu anayemwadhibu kwa kuisema ile anayoimudu? Atanyamaza. Usalama wa mtoto huanzia pale anapoweza kusema, "Mwalimu, fulani amenifanyia hivi," kwa lugha yoyote ile, na asikizwe.

Basi tufanyeje? Mengi hayahitaji fedha. Kwanza, ratiba ya shule iandikwe upya ili kila dakika ambayo watoto wamo uani iwe na jina la mtu mzima, kuanzia lango linapofunguliwa hadi linapofungwa. Ikiwa hakuna mtu kabla ya saa fulani, mzazi aambiwe waziwazi kwamba kabla ya saa hiyo shule haijampokea mwanawe. Pili, ua ugawanywe: uwanja, misala, lango na ngazi, kila sehemu na mwangalizi wake, hata kama ni kwa zamu fupifupi za robo saa. Wazazi wanaweza kusaidia langoni, mradi wajulikane na uongozi wa shule. Tatu, madarasa yasiachiliwe kwa pamoja. Wa chini watoke kwanza, mwalimu akiwa mbele na mwingine kwenye ngazi, kisha wafuate wa juu. Dakika kumi zinatosha.

Nne, majina yaitwe mara mbili, asubuhi na baada ya chamcha. Mtoto aliyetoroka au kuchukuliwa saa saba haonekani katika rejista iliyojazwa saa mbili. Tano, watoto wadogo wawe na saa yao ya mapumziko au sehemu yao ya uwanja, mbali na kandanda ya vijana wa sekondari msingi. Sita, zoezi la kutoka nje kwa dharura lifanywe kila muhula, ili siku ya hofu miguu iwe imekwisha kuijua njia.

Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, haya yanawahusu kuliko mnavyodhani. Mnafundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na mkaguzi akija hukaa nyuma ya darasa akaandika alama. Kengele ya mapumziko ikilia, yeye hufunga daftari lake, nanyi mkapumua. Napendekeza kwamba daftari hilo lisifungwe. Vyuo vyetu vimpime mwalimu mtarajiwa uwanjani kama vinavyompima ubaoni: anasimama wapi, anawaona wangapi, anafanya nini watoto wawili wanapogombana huku wa tatu akipanda ukuta. Ualimu ni amana ya nafsi kabla ya kuwa amana ya elimu.

Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Tumefurahi, na ni haki yetu kufurahi. Jiji huleta magari zaidi, majengo marefu zaidi na watoto zaidi katika viwanja vilevile vya zamani. Muhula ujao, kila mwalimu mkuu na aichukue ratiba ya shule yake, atafute zile nafasi tupu zilizo kati ya kipindi na kipindi, na katika kila moja aandike jina la mtu atakayekuwa amesimama pale.