Kidonda cha Mbwa: Uliza Kwanza Kimetoka Wapi

Wengi wetu tunafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Lakini mlinzi huyo akijikata mguu, tunasema: "Mwache, atajilamba, atapona." Juma hili napenda tuzungumzie jeraha dogo la mbwa na jinsi ya kulitibu nyumbani.

Mfano nauchukua Sekenke, wilayani Iramba, mkoani Singida, mahali palipochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Huko mbwa hukanyaga mawe yaliyopasuliwa, vipande vya chupa na miiba ya migunga, na bwana mifugo haji kila anapoitwa. Mwenye mbwa hana budi kujua la kufanya. Hata wewe wa mjini, usiku wa Jumapili, huna tofauti naye.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: kidonda kimetoka wapi? Kama ni chupa, bati au mwiba, endelea. Mfunge mbwa mdomo kwa kitambaa laini, maana maumivu humfanya amng'ate hata bwana wake. Ila usimfunge akiwa anatapika au anahema kwa shida. Bana kidonda kwa kitambaa safi dakika 5 hadi 10 mpaka damu ikome. Punguza manyoya pembeni, kisha osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Kausha. Kama ni wayo, mvishe soksi safi na kuibadilisha kila siku. Mzuie asijilambe, kwani kinywa chake kina vijidudu na ulimi wake hutonesha kidonda.

Yako mambo ya kuacha kabisa. Mafuta ya taa, oili chafu na maji ya betri huunguza nyama, na kidonda huzidi kuwa kikubwa. Dawa zetu za maumivu nazo, kama vile parasetamo na ibuprofeni, zaweza kumuua mbwa. Damu isipokoma, kidonda kikiwa kirefu au karibu na jicho, kikivimba, kikinuka au kikitoa usaha, tafuta bwana mifugo.

Sasa nirudi kwenye swali letu. Ikiwa mbwa wako ameng'atwa na mbwa asiyejulikana, au na mnyama wa porini, hilo si jeraha dogo, hata likiwa tundu la jino moja. Usilishike kwa mikono mitupu. Mfungie mbwa peke yake na utoe taarifa kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo, kwani hapo pana hatari ya kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja akapate chanjo, bila kungoja kuona mbwa yule atakuwaje.

Chumvi na maji vinatosha kwa mkato wa chupa. Kwa jino la mbwa mwenye kichaa, kinga ni chanjo ya kila mwaka. Je, mbwa wako alichanjwa lini?