Mtoto Mwenye Ulemavu: Shule na Kazi Viende Pamoja



Karatasi hii ni ya kila nyumba yenye mtoto asiyetembea vizuri, asiyeona, asiyesikia au anayechelewa kujifunza. Ni ya mafundi na wenye maduka pia, walio hapa Kiryandongo na pale Bweyale. Inaeleza jinsi familia inavyoweza kumsaidia mtoto huyo abaki darasani, na jinsi ya kumtafutia mahali pa kujifunzia kazi kabla hajamaliza masomo.

Tunaiandika kwa sababu hali ni ngumu. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa na kupangwa kwa makundi mwaka 2023, kila nyumba inapiga hesabu upya. Katika nyumba nilizotembelea, hesabu ikikataa, mtoto wa kwanza kuondolewa shuleni huwa ni huyu. Mzazi husema, "Huyu hata akisoma, nani atampa kazi?" Swali hilo lina jibu, na jibu lake wengi wetu tulilipita njiani.

Watu wa matairi matatu

Ikiwa ulikimbia Kenya mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, huenda ulivukia Busia au Malaba, ukakaa katika kambi ya Mulanda wilayani Tororo, kisha ukaletwa hapa mwaka huo huo. Kama ulipita Busia, jaribu kukumbuka barabara ya pale mpakani. Neno boda boda lilizaliwa huko katika miaka ya 1960, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Habari hiyo husimuliwa sana. Ile ya baiskeli za matairi matatu husimuliwa kidogo, ingawa mimi naiona kubwa zaidi.

Baiskeli hiyo haina pedeli za miguu. Mwenye nayo huketi na kuzungusha kwa mikono, na mnyororo hulizungusha gurudumu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kumtembeza mtu asiyeweza kutumia miguu. Watu wa Busia, ambao wengi wao walikuwa wameugua polio utotoni, waliitazama wakaona kitu kingine: gari la mizigo. Mafundi wa kuchomelea waliongeza vyuma na nafasi ya kuwekea magunia, makatoni na madumu. Mzigo ukiwa mzito, mwenye baiskeli humwajiri mtu wa kusukuma nyuma. Hapo utazame vizuri, ndugu yangu: mwenye ulemavu ndiye anayemlipa mwenye miguu miwili mizima.

Kwa miaka mingi maofisa wa forodha waliwalegezea masharti watu hawa, na wafanyabiashara wakajua kwamba mzigo uliopakiwa kwenye matairi matatu hupita kwa urahisi. Wenyewe walijiunga katika vyama, wakawa na watu wa kuwasemea mbele ya wakubwa. Wakaoa, wakajenga, wakalipa karo za watoto wao.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, kazi ilibadilishwa imfae mtu. Hakuna aliyengoja miguu ipone ndipo aanze. Pili, hawakuwa peke yao. Palikuwa na fundi wa kuchomelea, mwenye mali, msukumaji na chama. Ushirikiano wa kazi tunaouzungumzia ni huo.

Lakini kuna upande wa pili, na mzazi ni lazima aujue. Kazi ile ilitegemea sana tofauti ya ushuru kati ya nchi mbili. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na kufikia 2010 ushuru wa bidhaa za kwetu kati ya Kenya na Uganda ulikuwa umeondolewa. Mwaka 2018 kilizinduliwa kituo kimoja cha pamoja cha mpaka hapo Busia, ambapo mtu hukaguliwa mara moja tu. Machi 2020, kwa ajili ya korona, watu walizuiwa kuvuka na malori ya mizigo peke yake yakaruhusiwa. Mtu ambaye riziki yake yote ilikuwa kuvuka na kurudi alikaa nyumbani.

Siku hizi mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, za thamani isiyozidi dola 2,000, anaweza kupewa pale mpakani hati rahisi inayoonyesha bidhaa zimetoka wapi. Hati hiyo inasomwa, inajazwa na kutiwa sahihi. Mikono yenye nguvu peke yake haiijazi. Ndiyo maana tunasema shule na kazi viende pamoja. Mtoto akipata kazi bila shule, siku kazi ile ikibadilika hana pa kushika, na akipata shule bila kazi atarudi kukaa mlangoni na cheti chake.

Shuleni: haki ya mtoto wako

Uganda ilipoanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, watoto wanne wa kila familia walisomeshwa na serikali, na agizo lilikuwa kwamba mtoto mwenye ulemavu atangulie kuhesabiwa. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa watoto wote. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema mkimbizi katika elimu ya msingi atendewe sawa na mwenyeji. Kwa hiyo mwalimu akikwambia mtoto wako "si wa shule hii", hajakupa jibu la kisheria. Mwombe akuandikie sababu, kisha uipeleke kwa kamati ya ustawi wa wakimbizi au kwa mfanyakazi wa jamii.

Kabla ya yote mtoto apimwe. Wako watoto wanaoitwa vipofu kumbe wana mtoto wa jicho, ugonjwa unaoweza kupasuliwa, na wako wanaoitwa wajinga kumbe sikio limejaa usaha. Anzia kituo cha afya cha Panyadoli na uombe barua ya rufaa. Wenye jamaa upande wa Tororo wakumbuke kwamba mjini humo kuna hospitali ya macho ya Benedictine. Hakikisha pia kwamba ulemavu wa mtoto umeandikwa katika kumbukumbu za familia yako kwa ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR. Usipoandikwa, jina lake halitaonekana siku vifaa vitakapogawiwa.

Mtoto asiyesikia anahitaji lugha. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja lugha ya ishara, na jambo hilo ni la heshima. Ila ujue kwamba ishara za Kenya na za Uganda si zile zile. Mtoto aliyeanza kusoma Kenya ataonekana mzito kwa muda, wakati anajifunza tu lugha nyingine. Nyumba nzima ijifunze pamoja naye, hata nyanya yake, maana mtoto anayeongea shuleni na kunyamazishwa nyumbani amefungwa nusu siku.

Mambo mengine ni madogo na hayana gharama: aketi mbele, ndugu zake wapangiane zamu za kumsukuma, ajifunze mwenyewe kuziba pancha. Choo ndicho kinachosahaulika. Binti asiyeweza kuingia chooni na kiti chake ataacha shule bila kusema kwa nini. Mzazi, nenda ukakitazame choo cha shule kwa macho yako.

Wa mtihani wa taifa wapewe nafasi yao pia. Baraza la mitihani la Uganda huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 45 kwa kila karatasi, na huwapa mkalimani wa ishara au mwandishi inapobidi. Lakini hayo huombwa na shule wakati wa kuandikisha, hayatokei yenyewe asubuhi ya mtihani. Muulize mwalimu mkuu mapema: "Umemwandikaje mwanangu?"

Mahali pa kazi

Sasa tuje kwa fundi. Mwanafunzi akifika madarasa ya juu anaweza kwenda karakana mara moja kwa juma, baada ya masomo au siku ya Jumamosi, akazoea kazi na watu. Hapo anajifunza tu, hajaajiriwa bado. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa 2016, imeweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Akishindwa kufika darasani kwa sababu ya karakana, mpango umeharibika.

Tafadhali usimchagulie kazi kwa kuangalia kiungo kilichopungua. Tumezoea kusema kipofu asuke vikapu na kiwete ashone viatu, kana kwamba mioyo yao imefanana. Muulize anachopenda, kisha tazama nini kibadilishwe. Asiyeweza kukanyaga cherehani atumie ya mkono. Meza ya fundi wa redio na simu ishushwe ifike kwenye kiti. Asiyesikia anaweza kunyoa vichwa vizuri kabisa, na picha za mitindo zilizobandikwa ukutani zitamaliza maneno. Yule anayechelewa kuelewa afundishwe hatua moja mpaka aimudu, ndipo apewe ya pili. Kuku wengi kambini wamekuzwa vizuri na watu wa namna hiyo.

Na wewe fundi, huombwi sadaka. Unapata mkono wa kazi ambaye hatahama kila mwezi. Unachotakiwa ni kumpa jaribio la haki, tuseme miezi mitatu, na kumfundisha kazi yenyewe. Kuchota maji na kulinda duka si ufundi.

Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mzazi, mwalimu na mwenyekiti wa kamati. Yaseme siku na saa, nani anampeleka na kumrudisha, atakula nini, vifaa ni vya nani, atafundishwa nini, na lini ataanza kupata chochote mfukoni. Yaseme pia wazi kwamba mtoto hatapigwa, na kwamba msichana hataachwa peke yake na mtu baada ya karakana kufungwa. Fundi akikasirika kwa kuandikiwa hayo, mshukuru na umtafute mwingine.

Aliyejifunzia kazini naye anaweza kupata cheti. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya Uganda ya 2008 ilifungua njia ya kupima ujuzi wa mikono wa mtu ambaye hakupita chuoni. Hupimwa kwa kutenda kazi. Chuo cha ufundi kilicho karibu nawe kitakueleza namna ya kujiandikisha na ada ya wakati huo. Na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba cheti hicho hakitakufaa.

Wazazi walio katika klasta moja wanaweza kuungana, kama watu wa Busia walivyofanya. Familia tano zikinunua pamoja tairi, gundi na spoki, kiti cha mtoto hakitalala nje miezi miwili kwa sababu ya pancha. Familia tano zikienda pamoja kwa mwalimu mkuu kuhusu choo, hatasema hana muda.

Mfano wa makubaliano ya fundi, kwa Kiswahili, mwombe mfanyakazi wa jamii wa klasta yako. Asiyejua kuandika aje na shahidi mmoja anayejua, tutaijaza pamoja, na nakala moja ibaki kwa mzazi.