Maneno Matano ya Ukutani: Kaizen katika Kiswahili cha Kazi

Katika hospitali za umma za Tanzania huweza kuonekana bango lililobandikwa ukutani, karibu na kabati la dawa au mlango wa stoo, lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Asiyejua asili yake huyadhania kuwa ni maagizo ya usafi tu, kama yale ya kunawa mikono. Kumbe ni tafsiri, tena tafsiri ya tafsiri. Na nyuma yake iko elimu nzima ya kuendesha kazi, iliyokulia katika viwanda vya Marekani na Japani, ikapita Colombo kabla ya kufika Mbeya. Yafaa wataalamu wa lugha wayatazame maneno haya kwa makini, kwa kuwa mahali palipogeuzwa neno, mara nyingi pamegeuzwa na jambo lenyewe.

Elimu hiyo kwa Kijapani huitwa kaizen. Neno hili huandikwa kwa herufi mbili zenye asili ya Kichina: ya kwanza, kai, ni kugeuza au kufanya upya, ya pili, zen, ni wema. Kwa Mjapani wa kawaida si istilahi ya wataalamu hata kidogo. Ni neno la kila siku, lenye maana ya kulifanya jambo liwe bora kuliko lilivyokuwa. Lililolipa maana yake maalumu ni historia ya viwanda. Mwaka 1940 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwafunza wasimamizi wa viwanda vya vita, ili mafundi wapya waliokuwa wakiingizwa kazini kwa wingi wapate ujuzi upesi. Sehemu mojawapo ya mafunzo hayo iliwataka wasimamizi waichambue kazi hatua kwa hatua, na juu ya kila hatua waulize kwa nini inafanywa, wapi, lini, na nani, na kwa njia gani. Baada ya vita mpango huo ulipelekwa Japani, wakati nchi ile ilipokuwa ikitawaliwa na majeshi yaliyoishinda. Mwaka 1950 W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa takwimu, alialikwa na Chama cha Wanasayansi na Wahandisi wa Japani akatoa mihadhara juu ya ubora wa bidhaa. Mwaka uliofuata chama hicho kikaanzisha tuzo kwa jina lake. Katika mwaka huohuo wa 1951 kampuni ya Toyota ilianza utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi wake, na mwaka 1962 vikaanza vikundi vidogo vya wafanyakazi vya kuchunguza ubora, ambavyo Kaoru Ishikawa alivipigania sana. Nje ya Japani neno kaizen lilienea baada ya mwaka 1986, Masaaki Imai alipolifanya kuwa jina la kitabu chake.

Kiini cha jambo ni rahisi kukieleza, na ni kigumu kukitenda. Shirika halingoji mashine mpya wala fedha nyingi. Kila siku hutafutwa dosari ndogo katika kazi ileile ya jana, ikaondolewa. Na njia mpya iliyoonekana kufaa huandikwa ikawa ndiyo kawaida, mpaka itakapopatikana nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Naye aionaye dosari mbele ya wote ni yule aliyeishika kazi: fundi kwenye mashine yake, muuguzi wodini, mtunza stoo. Meneja hutakiwa atoke ofisini aende gemba, yaani mahali penyewe kazi inapotendeka, akaone kwa macho yake na kusikiliza. Mtu aweza kudhani kwamba haya yote Waswahili wamekwisha kuyasema kwa kusema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo yafaa nusu tu. Kibaba hujazwa kwa kuongeza, na kaizen kwa sehemu kubwa ni kazi ya kupunguza: kupunguza hatua zisizo na faida, kungoja, na vitu vilivyorundikana. Iliyo karibu zaidi ni ile isemayo bandu bandu huisha gogo.

Kile kinachobanduliwa huitwa, kwa Kijapani, muda. Hapa msomaji wa Kiswahili hana budi kusita. Maneno haya mawili hayana udugu wowote. Muda wa Waswahili umetoka katika Kiarabu, na muda wa Wajapani ni upotevu, jambo lisilo na faida. Taiichi Ohno wa Toyota aliuhesabu upotevu huo kuwa wa namna saba: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha bila haja, kazi isiyo ya lazima katika utengenezaji, akiba iliyozidi, mwendo wa mwili usio na sababu, na bidhaa zenye kasoro. Mwalimu akisema mbele ya darasa la Waswahili kwamba ni lazima kuuondoa muda kazini, atacheka yeye na watacheka wanafunzi. Lakini bahati hii ya sauti si ya kudharauliwa, maana katika hizo saba iko moja, ya kungoja, ambayo kwayo maana hizi mbili hukutana. Na dawa zilizokwisha muda katika kabati la hospitali ni muda katika lugha zote mbili.

Maneno matano ya ukutani ni mlango tu wa kuingilia katika elimu hii. Kwa Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Seiri ni kutenga vinavyohitajika na visivyohitajika, na kuviondoa hivi vya pili. Seiton ni kuvipanga vilivyobaki, kila kimoja mahali pake penye alama, ili yeyote akitafutaye akipate bila kuuliza. Seiso ni kufagia na kusafisha, na katika kusafisha kuona kilichovunjika au kinachovuja. Seiketsu si tendo. Ni hali, hali ya unadhifu ambayo yale matatu ya kwanza huizaa na ambayo haina budi kulindwa. Shitsuke ndilo neno zito kuliko yote, nalo litaelezwa mbele kidogo.

Mpango huu uliingia katika hospitali za Tanzania mwaka 2007, kwa njia ya Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii ya wakati ule ikisaidiwa na Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya kuijaribu. Kielelezo hakikutoka kiwandani Japani moja kwa moja, bali katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ambako mbinu za viwanda zilikuwa zimekwisha kutumika katika kuwahudumia wagonjwa. Lugha ya safari hiyo ilikuwa Kiingereza, na alama za Kiingereza zimebaki wazi katika maneno ya Kiswahili.

Waliotafsiri walijifunga kwa sharti moja: kila neno lianze na S. Wajapani nao hufuata sharti hilo, na Waingereza waliwaiga. Kwa kuwa herufi ilitawala, maneno mazuri yalikataliwa mlangoni. Kutenga kifaacho na kisichofaa Waswahili hukuita kuchambua, kama wanawake wachambuavyo mchele katika ungo kabla ya kupika. Wala hapana neno la Kiswahili lililo karibu na seiri kuliko hilo. Lakini halina S. Ikachukuliwa sasambua, ambayo kwa wasemaji wengi ina maana ya kuambua na kuvua, kukiacha kitu kitupu. Na mitaani neno hilo lina harufu ya ngoma za usiku. Hata hivyo limefaulu. Mahali pa kazi limepata maana mpya, ya kutoa vyote nje na kurudisha vichache, na huenda ule ucheshi wake ndio uliolifanya likumbukwe.

Seti nayo ni neno la Kiingereza lililovikwa irabu mwishoni. Panga ingetosha kabisa, kama si ile herufi. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuseti saa na simu zao kabla ya hapo, na neno limeshika mnyambuliko wa Kiswahili bila taabu, likawa setiwa na setia, kama fikiri na samehe yalivyofanya zamani yalipotoka Arabuni. Safisha haina la kuulizwa.

Sanifisha ni neno la nyumbani kwa wasomaji wa kurasa hizi. Shina lake, sanifu, limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya aina na kuainisha, na zamani Waswahili walilitumia zaidi kwa kutunga na kubuni kwa ustadi. Masalio yake yamo katika msanifu wa majengo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi nne za Afrika Mashariki ndiyo iliyolizoesha masikio ya watu katika maana ya kuwa na kawaida moja, kwa jina la Kiswahili Sanifu. Sasa neno limetoka katika kamusi likaenda chumba cha upasuaji. Lakini seiketsu ya Wajapani ni unadhifu, si usanifishaji. Waingereza ndio waliolichagua neno la kusanifisha, na Waswahili wakawafuata. Mageuzi hayo si mabaya, kwa maana katika kaizen kawaida iliyoandikwa ni jambo la lazima: bila hiyo hakuna ajuaye kama kazi ya leo imeishinda ya jana. Ila yafaa kuonya kwamba kwa sikio la Kiswahili kilichosanifishwa ni kama kimekwisha kuamuliwa na wakubwa, ambapo kawaida ya kaizen huandikwa ili ivunjwe na iliyo bora.

Hasara kubwa iko katika la tano. Shikilia ni shika iliyonyambuliwa ikaongezwa nguvu: kushika bila kuachia. Nayo imetokana na neno la Kiingereza la kudumisha. Shitsuke ni jambo jingine. Ni malezi, ni adabu anayofundishwa mtoto mpaka mwili wake uitende bila kuamriwa. Na herufi yake, iliyobuniwa Japani kwenyewe, imeunganishwa kwa alama ya mwili na alama ya uzuri. Washonaji wa Japani hulitumia neno hilohilo kwa uzi wa bandi, ule wa kushikiza nguo mpaka mshono wa kweli upigwe. Kati ya kushikilia na kulelewa pana tofauti ya mtu mzima. Ashikiliaye huchoka, akageuza macho akaachia. Aliyelelewa hana analolishika. Watu wanaolalamika kwamba mabango hubaki ukutani na stoo hurudia vurugu baada ya miezi michache wangefaa kulitazama neno la tano kabla ya kuwalaumu wafanyakazi, kwa kuwa Kiswahili kimewataka wakaze mikono, na Kijapani kilimtaka mkubwa wao awe mlezi.

Hata herufi yenyewe ya neno hili ina kisa. Wajapani huhesabu shi katika mstari mmoja na sa, su, se na so, basi kwao shitsuke ni S halisi. Katika Kiswahili sh ni sauti yake peke yake. Na waandikao kwa herufi za Kiarabu huzitenga sin na shin kwa nukta tatu. Kwa mshairi wa Lamu au Mombasa wa zamani maneno ya ukutani yangekuwa manne, na moja la kigeni.

Liko jambo jingine ambalo ni la sarufi tupu, nalo labda ni kubwa kuliko yote. Maneno ya Kijapani ni majina. Ya Kiswahili ni amri, tena amri kwa mtu mmoja. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kiswahili huweka viambishi vyake mbele ya mzizi: tusasambue, kusafisha, usanifishaji. Neno likivaa kiambishi chochote, S hurudi nyuma, na bango limeharibika. Hali pekee ya kitenzi inayoacha mzizi utangulie ni ile ya kuamuru. Hivyo sharti la herufi moja, lililokuwa mchezo wa kusaidia kumbukumbu, limechagua kwa niaba ya watu wote kwamba elimu inayomtegemea mfanyakazi wa chini aseme iingie kwake kwa sauti ya msimamizi.

Njia ya kuliepuka hilo ingekuwa majina yasiyo na kiambishi, ambayo mengi yametoka Kiarabu. Kwa shitsuke lingeweza kutazamwa neno silika, ingawa silika mtu huzaliwa nayo na shitsuke hufunzwa. Au staha, iliyo karibu na adabu lakini imeelekea zaidi katika kuwaheshimu watu kuliko vitu. Kwa seiketsu, hata siha ingejaribiwa mahali pa wagonjwa. Kwa yale matatu ya kwanza, ambayo ni matendo kweli, amri yaweza kuachwa, mradi anayelibandika bango awe wa kwanza kuokota ufagio.