Asilimia Ngapi Iende kwa Hisani? Piga Hesabu Kabla ya Kubandika Tangazo

Ukitembea Lavington, kuanzia Valley Arcade hadi James Gichuru Road, hutakosa biashara ndogo: duka la keki, kinyozi, muuza maua, mkahawa wa meza sita. Ukivuka barabara chache tu, uko Kawangware. Mwenye duka anauza kwa wenye magari, lakini wafanyakazi wake wengi wanatoka ng'ambo hiyo. Kwa hivyo si ajabu siku moja akabandika karatasi kaunta: "Asilimia 10 ya mauzo yetu inaenda kwa watoto wasiojiweza."

Ni wazo zuri. Lakini mteja anapolipa kwa simu, maswali mawili yanamjia kichwani. Hiyo pesa inafika kweli? Na wewe mwenye duka, utaweza kuitoa kila mwezi?

Kutoa kwa simu si jambo geni

Wakenya tumezoea harambee. M-PESA ilipoanza mwaka wa 2007, mchango wa mazishi au karo ulihamia kwenye simu haraka sana. Mwaka wa 2011, wakati wa ukame mkali, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga kuchangisha shilingi milioni 500, na lengo hilo likapitwa. Watu walitoa kidogo kidogo kwa simu, na chakula kikapelekwa kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Fundisho ni kwamba kidogo cha wengi hufika mbali, mradi watu wajue kinakoenda.

Mauzo si faida

Hapa ndipo wengi huteleza. Tuchukue mfano wa duka la keki linalouza shilingi 300,000 kwa mwezi:

- Unga, sukari, mayai na gesi: 150,000
- Mishahara: 60,000
- Kodi ya duka: 45,000
- Stima na bodaboda wa kupeleka oda: 15,000

Inabaki 30,000. Kama unalipa TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, toa 9,000. Mfukoni una 21,000.

Sasa, asilimia 10 ya mauzo ni 30,000. Umeahidi pesa ambayo huna! Mwezi huo unaingia hasara ya 9,000, na wa kwanza kuumia ni kijana wa Kawangware unayempa kazi.

Ukiahidi asilimia 10 ya *faida*, ni 2,100. Njia nyingine ni kuchagua bidhaa moja: shilingi 10 kwa kila keki ndogo. Ukiuza 400, umetoa 4,000, na mteja anaelewa bila kalkuleta.

Usitegemee pia kwamba mchango utakupunguzia kodi. TOT hutozwa kwenye mauzo bila kuondoa gharama yoyote. Anayelipa kodi ya kawaida ya mapato anaweza kuuondoa mchango kwenye hesabu zake, ikiwa shirika lina cheti cha KRA cha kutotozwa kodi na amehifadhi risiti. Muulize mhasibu wako kwanza.

Hatua tano za kufanya mambo kwa uwazi

1. Andika ahadi kamili. Ni mauzo au faida? Bidhaa gani? Kuanzia lini hadi lini? "Sehemu ya mapato" haimwambii mteja chochote.

2. Chunguza shirika. Omba kuona cheti cha usajili. Tangu Mei 2024, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ndiyo inayosimamia mashirika yaliyokuwa yakiitwa NGO. Pia tembelea mahali penyewe. Kama ni karibu, ni safari ya matatu tu.

3. Tuma kwa Paybill ya shirika, si kwa namba ya mtu. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti na la shirika, simama hapo. Kwenye sehemu ya akaunti, weka jina la mradi au namba waliyokupa.

4. Tenga pesa kila wiki. Zikikaa kwenye Till pamoja na pesa za unga, zitanunua unga. Fungua akaunti nyingine, chagua siku, kwa mfano Jumatatu asubuhi, na uhamishe. Angalia ada ya kutuma pia, na uamue mapema kwamba ni yako, isikatwe kwenye mchango.

5. Onyesha ushahidi. Chapisha ujumbe wa malipo, ufiche namba yako ya simu na salio, kisha ubandike pale pale palipo na tangazo.

Angalizo moja: kutoa kwenye mauzo yako ni tofauti na kuweka bakuli la michango kaunta. Kuchangisha umma kuna sheria yake na huhitaji kibali.

Na kama hesabu inakataa?

Basi usilazimishe. Pesa siyo njia pekee. Pallet Café, papo hapo Lavington, inajulikana kwa kuajiri wahudumu viziwi, na wateja hujifunza ishara chache ili kuagiza chakula. Mshahara wa kila mwezi nao ni msaada, na haukomi kampeni ikiisha.

Leo jioni ukifunga duka, pakua taarifa ya Till yako ya miezi mitatu. Ondoa gharama zote. Kile kinachobaki ndicho kitakachokuambia uahidi nini. Heri shilingi 2,000 inayofika kila mwezi kuliko 30,000 iliyobaki kwenye karatasi ukutani.